Kilomita 312

Nilianza kuisikia kabla sijaiona. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Januari, saa kumi na mbili na robo asubuhi, tuko juu ya Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, tunatoka upande wa Coco kuelekea Aga Khan. Wenzangu wa kikundi cha jogging wako mbele wanaimba, upepo wa bahari unatupiga ubavuni, na mimi kila nikikanyaga mguu wa kulia nasikia pa, pa, pa, kama kandambili ya mtu anayekwenda bafuni. Nikadhani kokoto imenasa. Nikasogea pembeni, nikashika ukingo wa daraja, nikanyanyua mguu. Soli ya mbele ilikuwa imeachia. Kuanzia kwenye ncha ya kidole gumba mpaka pale mguu unapokunjika, kiatu kimeachama, na vidole vyangu vitatu vinaingia bila kubanwa.

Raba hizo nilizinunua Septemba kwa shilingi 380,000. Kwangu mimi, mtunza stoo, hiyo si hela ya kutoa mfukoni na kusahau. Niliiweka kwenye kibubu miezi minne. Kabla ya hapo nilikimbia na mitumba ya soko la Karume miaka mitatu na sikuwa na malalamiko, mpaka goti la kushoto lilipoanza kuuma nikishuka ngazi. Mtumba unaweza kuuona soli yake nzima kabisa, kumbe sponji ya katikati imeshakufa kwa kilomita za mtu mwingine, na hakuna jicho linaloweza kuzihesabu. Ndiyo maana nikajipinda, nikanunua mpya. Kijana wa dukani alinivalisha, akanibana kidole mbele kuona nafasi, kisha akasema neno ambalo wakati ule sikulitilia maanani: "Na hizi dada zina waranti ya mwaka mmoja."

Zilibaki wiki sita tu kabla ya Kilimanjaro Marathon, na nilikuwa nimejiandikisha kilomita 21.

Siku ile ile nilimwambia dada yangu kwenye simu kwamba nitavirudisha viatu dukani. Akanyamaza kidogo. "Viatu umevivaa miezi minne, umekimbilia, umetolea jasho, leo unavirudisha? Watakuonaje?" Nilikuwa nalitegemea swali hilo. Sisi tumelelewa hivyo. Ukinunua kitu kikakuharibikia, unasema bahati mbaya, unampelekea fundi, maisha yanaendelea. Kurudi dukani ni kuonekana mkorofi, mtu wa maneno, au mtu asiye na hela anayejifanya anazo. Na nyuma ya kaunta nyingi za mjini hapa kuna kibao kimeandikwa kwa herufi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Tumekisoma tangu utotoni mpaka tumekiamini kuliko katiba. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kurudisha maboksi ya dawa yenye kasoro kwa wasambazaji bila kuona haya, nilikaa siku mbili nzima na viatu vile chini ya kitanda nikijiuliza kama nina haki.

Siku ya tatu nikavipeleka kwa fundi. Nia yangu ilikuwa abandike tu, niendelee na mazoezi.

Fundi wangu anakaa Sinza chini ya mwarobaini, na nadhani amekaa pale kabla ya lami. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akakipokea kiatu cha kulia kwa mikono miwili. "Hiki kinacheka," akasema, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kopo la gundi. Elfu tano, jioni nipitie. Brashi ilikuwa imeshatoka kwenye kopo inachuruzika nilipomuuliza, kwa kutaka kujua tu, kwa nini kimeachia mapema hivi.

Akairudisha brashi. Akakifungua kile kiatu mdomo, akakielekeza kwenye jua, akaniambia niiname.

Nimelibeba kichwani lile nililoonyeshwa mpaka leo. Upande wa juu, kwenye kitambaa, kulikuwa na gundi imetanda yote, ina rangi ya njano hafifu na inang'aa kama utando wa uji uliokaukia kwenye sufuria. Upande wa chini, kwenye sponji, hakukuwa na kitu. Nyeupe, safi, laini, kama siku iliyotoka kiwandani. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka ncha mpaka katikati. Ukucha ukateleza bila kukwama popote. Halafu akainama kwenye rundo lake, akatoa kiatu cha mtu mwingine kilichong'oka soli. Pale, sponji ilikuwa imechunika vipande vipande, mabonge yake yameganda kwenye kitambaa na mashimo yamebaki chini.

"Huyu kapigana," akasema. "Kavutwa, kachanika, kaondoka na nyama ya mwenzake. Chako hakikupigana. Gundi ilikaa juu ya sponji kama jani juu ya maji. Aliyetengeneza hakupiga msasa, au hakupaka dawa yake, au alibandika imeshakauka."

Nilipofika nyumbani nilisoma na kuelewa kwamba alichonionyesha mzee yule kwa ukucha ndicho watu wa viwanda vya viatu wanachokitazama kwanza. Sponji nyingi za raba za kukimbilia ni za EVA, aina ya plastiki yenye povu, nyepesi sana, na gundi haipendi kuishika. Lazima uso wake usafishwe, upakwe dawa ya kuiandaa, ukaushwe kwa joto na muda maalumu, ndipo gundi ipakwe pande zote mbili na kiatu kikandamizwe kwenye mashine. Hatua moja ikirukwa, kiatu kinatoka kiwandani kizuri tu, kinapendeza kwenye rafu, kinasubiri mguu wa kukikunja mara elfu kadhaa. Kiungo kikiachia kisafi upande mmoja, gundi haikushika. Kikichanika sponji, gundi ilishika na kitu kingine ndicho kilichozidi nguvu.

Basi pale pale kwa fundi, baada ya kunionyesha cha kulia, akachukua cha kushoto, akaweka vidole gumba viwili mahali pale pale, akavuta mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. Hakikuachia hata kidogo.

"Unazo risiti?"

Nikamwambia kuna kadi ya waranti kwenye boksi.

"Basi mimi sikigusi. Nikipaka yangu hapa, watasema ni mimi niliyeharibu."

Alikuwa amekataa elfu tano yake mwenyewe. Nikamwachia mbili ya chai, akazipokea baada ya kubishana.

Ile kadi ilikuwa ndogo kama tiketi ya basi, herufi zake za kusomea kwa tochi. Niliisoma jioni ile neno kwa neno, kama ninavyosoma karatasi za mzigo kazini. Waranti ni ya kasoro za malighafi na za utengenezaji. Haihusu uchakavu wa kawaida, kufua kwa mashine, kukausha karibu na moto au juani, matumizi yasiyo ya kukimbilia, wala kiatu kilichotengenezwa na mtu mwingine. Fundi wangu alikuwa amelijua hilo bila kuisoma. Muda ni mwaka mmoja tangu tarehe ya kununua, kwa mwenye risiti. Asiye na risiti anahesabiwa tangu tarehe kiatu kilipotengenezwa.

Mstari huo wa mwisho ndio ulionifanya nikae wima.

Kazini, kabla sijatia sahihi ya kupokea boksi lolote la dawa, natazama namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kuisha. Mkono wangu umezoea kiasi kwamba hata nikinunua unga wa chapati nageuza pakiti. Lakini viatu sikuwahi kuvigeuza. Nikalegeza kamba, nikaukunja ulimi wa kiatu, na ndani yake kuna kilebo cheupe: saizi kwa hesabu za nchi mbalimbali, 39 ya Ulaya ikiwemo, nchi kilikotengenezwa, namba ya modeli, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko mchele, tarehe mbili. Raba zangu zilikuwa zimetengenezwa mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku niliyozinunua. Zilikuwa zimekaa kwenye kontena, ghala na stoo za watu muda wote huo, na mtu yeyote aliyefanya kazi ya stoo Dar es Salaam anajua mabati yanafanya nini mwezi wa Februari.

Maana yake, bila risiti, waranti yangu ilikuwa imekwisha kabla sijanunua kiatu.

Risiti nilikuwa nayo, ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kwa sababu mimi ni mtu wa kudai risiti. Lile tangazo la Mamlaka ya Mapato, TRA, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, kwangu liliingia. Nilikuwa nimeikunja vizuri kwenye pochi ya plastiki. Nilipoifungua ilikuwa nyeupe. Karatasi za mashine zile hazina wino, maandishi yake yanatokana na joto, na joto, mwanga na plastiki ndivyo vinavyoyala. Miezi minne tu, shilingi 380,000 zimefutika kama chaki.

Nilikaa nayo dirishani karibu nusu saa. Nikigeuza pembe fulani dhidi ya mwanga, chini kabisa, karibu na ile alama ya kuskani, kulikuwa na kivuli cha herufi na tarakimu: namba ya kuhakiki risiti. Juu yake kidogo, saa ya mauzo. Niliandika kila tarakimu kwenye daftari, zenye shaka nikaziandika kwa namna mbili. Nikaingia kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti, nikaweka namba ile na saa. Mara ya kwanza haikukubali. Nilichodhani ni 8 ilikuwa B. Mara ya pili risiti nzima ikafunguka kwenye simu, jina la duka, tarehe, bidhaa, kodi, jumla, kama siku ile nilipopewa. Nilipiga kelele mpaka mwanangu akatoka chumbani.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: ukinunua kitu cha hela, piga picha risiti palepale kwenye kaunta kabla hujaikunja. Usisubiri kufika nyumbani.

Viatu nikavifua. Hili nalo watu wanakosea, wanapeleka viatu vimejaa tope wakidhani ndiyo uthibitisho wa matumizi, na muuzaji hataki hata kuvishika. Beseni, sabuni ya kipande, mswaki wa zamani, bila kuuchokonoa ule mdomo ulioachia, na kuvikausha kivulini vikiwa vimejazwa magazeti. Kisha asubuhi, dirishani, bila flashi, nikapiga picha: jozi nzima kwa juu, soli zote mbili zikiwa pembeni ya rula, kile kilebo cha ulimi, mdomo wa kiatu ukiwa wazi mpaka utando wa gundi unaonekana upande mmoja na weupe wa sponji upande mwingine, na mahali pale pale kwenye cha kushoto, pazima. Picha ya soli ndiyo niliyoipenda. Raba ya chini ilikuwa imelika kidogo tu kwenye kisigino upande wa nje, ninapotua, na sawasawa kwa miguu yote miwili. Programu ya simu ilikuwa na hesabu: kilomita 312. Raba ya kukimbilia hutegemewa kwenda kilomita 500 mpaka 800 hivi kabla ya kustaafishwa.

Dukani alikuwapo binti mgeni. Akaviangalia, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Dada, hizi si umeshazivaa?"

"Nimezivaa, mdogo wangu. Isingejulikana kama ni mbovu bila kuzivaa."

Akaniambia hawarudishi. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha kwamba kuna kadi ndani ya maboksi anayouza. Nilimwomba aniitie meneja, nikakaa kwenye kile kibenchi cha kujaribia viatu na boksi mapajani. Nilisubiri karibu saa nzima. Watu wanaingia wanatoka, na ile aibu aliyoisema dada yangu ikanipanda mpaka masikioni, natamani niondoke. Sikuondoka.

Meneja alikuwa kijana mstaarabu. "Dada yangu, sisi hapa ni wauzaji tu. Mwenye kuamua ni wakala wa kampuni, na hayupo nchini." Nikamwambia naelewa, lakini mkataba wangu wa kununua niliufanya na duka hili, si na wakala. Nikamwekea kadi, risiti na picha kwenye kaunta, nikiwa nimezipanga. Akazisoma moja moja. Akatoka na fomu. Vile viatu akasema nikae navyo mwenyewe, nisivivae wala nisivitengeneze. Nikamwomba atie sahihi na tarehe kwenye nakala yangu, maana kwetu stoo hakuna kitu kinachosogea bila sahihi mbili. Akatia.

Jibu lilikuja siku ya 19. Mistari mitatu kwenye barua pepe: wameangalia picha, tatizo linatokana na uchakavu wa kawaida wa matumizi, wanashukuru kwa kuchagua bidhaa zao.

Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Hela ilishatoka zamani, haikuwa hela. Ilikuwa ni kuambiwa kwa upole kwamba nilichokiona kwa macho yangu sikukiona. Mume wangu aliisoma, akasema tuachane nayo, maisha yenyewe mafupi. Nikamwambia nipe wiki moja.

Nilitumia jioni mbili kusoma. Nilitaka kujua tu nasimama wapi. Tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka kitu kinachouzwa kilingane na maelezo yake, kiwe na ubora unaouzika na kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimwambia muuzaji. Mimi sikununua kiatu cha kwenda harusini. Niliomba kiatu cha kukimbilia na nikavalishwa kiatu cha kukimbilia. Tuna pia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, na ndani yake mna sehemu ya masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mauzo kwa mlaji hata kama hakuna aliyeyaandika, na sehemu nyingine ya wajibu wa watengenezaji. Waranti ya kampuni ni ahadi yao ya ziada juu ya hayo. Na mtu wa kawaida anaruhusiwa kupeleka lalamiko lake FCC. Nilipofunga simu usiku wa pili, kile kibao chekundu cha nyuma ya kaunta kilikuwa kimepungua ukubwa machoni pangu.

Barua niliyowaandikia ilikuwa ya Kiingereza cha ofisini, fupi, haina hasira. Niliyoyasema ni haya. Kama huu ni uchakavu wa matumizi, ungeonekana pale matumizi yanapogusa, yaani kwenye raba ya chini, na picha namba mbili inaonyesha raba ya chini bado nene. Miguu yangu miwili ilikimbia kilomita 312 zile zile, barabara zile zile, siku zile zile. Kiungo kimoja kimeachia sentimita tisa na kingine hakijaachia hata milimita. Kwenye picha namba nne gundi yote imebaki upande wa kitambaa na sponji haina mchubuko. Naomba mtaalamu wenu anieleze ni matumizi gani yanayoweza kuondoa gundi kwenye sponji bila kuigusa sponji. Mwisho nikauliza kiatu hiki kilihifadhiwa wapi na kwenye joto gani kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili kati ya kiwanda na mguu wangu. Nakala nikampelekea meneja wa duka, na nikasema kwa heshima kwamba nikikosa maelezo nitaomba FCC inisaidie kuyapata.

Yale maneno kuhusu gundi na mchubuko ni ya fundi. Mimi niliyatafsiri tu.

Wakati nasubiri, siku ya marathon kule Moshi ikafika. Nilikimbia na mtumba wa Karume wa elfu hamsini na tano. Kupanda kuelekea Mweka goti likanikumbusha kila kitu, nikatembea sehemu mbili, lakini nilimaliza kwa miguu yangu na medali iko ukutani.

Wiki ya pili ya Machi meneja akanipigia mwenyewe, sauti yake ina furaha kana kwamba ni yeye aliyeshinda, na pengine kweli alishinda, maana aliniambia tangu aanze kazi pale hajawahi kuona ombi la waranti limekubaliwa. Wananirudishia thamani yote, shilingi 380,000, kama mkopo wa kununulia dukani kwao ndani ya siku 90. Kuna sharti moja. Nivikate viatu vyote viwili, niwatumie picha.

Nilimwuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Vyote viwili? Hata cha kushoto? Vyote. Kiatu kilicholipiwa waranti hakitakiwi kurudi kuvaliwa wala kuuzwa.

Sababu yao naielewa. Wapo watu watakaochukua hela kisha wakabandika gundi na kuuza, na kampuni imeumwa na nyoka hao. Lakini kwenye kikundi chetu yupo binti anayekimbia na raba za shule, anavaa 39 kama mimi, na gundi ya elfu tano ingempa kilomita mia mbili au tatu. Niliwaandikia tena nikaomba. Nikasema niko tayari kutia sahihi kwamba hakitauzwa. Wakajibu haraka safari hii, kwa adabu: haiwezekani. Bado naamini kanuni hiyo ni mbaya kwa nchi kama yetu, ambako kiatu hakifi siku mwenye nacho wa kwanza anapokivua, na ningependa kampuni zinazouza kwetu ziiangalie upya. Nyingine zote nimezisamehe, hiyo bado.

Sikutaka kuvikata mwenyewe jikoni. Nikarudi chini ya mwarobaini.

Mzee alisikiliza maelezo yote bila kusema neno. Akauliza kama barua imesema wapi pa kukata. Nikamsomea: sehemu ya juu, kuanzia mdomo wa kuingizia mguu mpaka kwenye soli. "Soli hawakuitaja?" Hawakuitaja. Akachukua kisu chake, akakinoa mara tatu kwenye jiwe, akakata kila kiatu kwa mkato mmoja mnyoofu ubavuni, akavipanga juu ya gunia ili nipige picha. Nikaituma palepale.

Halafu akasema, "Sasa tuone."

Akakishika cha kulia pale kilipoachama na kuvuta kuelekea kisiginoni. Soli yote, mpaka nyuma, ilibanduka kwa mvuto mmoja kama ganda la ndizi, na sponji ikatoka nyeupe tupu. Cha kushoto alihangaika nacho. Alikipasha juu ya jiko la mkaa, akaingiza kisu, akakanyaga kwa unyayo, akavuta tena, jasho linamtoka, na kilipong'oka kiliondoka na mabonge ya sponji yaliyobaki yameng'ang'ania kitambaani. Akaviweka viwili hivyo sambamba mbele yangu, hakuongeza maelezo.

Soli akazitundika kwenye msumari. Niliporudi wiki mbili baadaye kufupisha mkanda wa begi, mtoto wa darasa la tatu au la nne alikuwa amesimama pale kwa mguu mmoja, anasubiri kiatu cha pili cha shule. Kile cha kwanza alikuwa ameshakivaa. Chini yake kulikuwa na raba nyeusi yenye mistari ya kijani, imekatwa kwa kipimo cha mguu mdogo, na pembeni ya kisigino, upande wa nje, ule mliko wangu mdogo bado unaonekana.